Zuru na Zurura

Maneno hupima watu kama mizani ipimavyo nafaka, na mpimaji asiye mwangalifu huweza kupunja bila ya kujua. Katika Kiswahili kuna kitenzi kimoja ambacho hupima miguu ya watu asubuhi na jioni, mjini kuliko shambani, na aghalabu mizani yake hushikwa na mtu aliyeketi. Kitenzi hicho ni kuzurura. Ni neno jepesi kinywani na zito masikioni. Hutamkwa kwa kicheko barazani, kwa ukali nyumbani, na kwa wino katika hati za mashtaka. Neno lenye makao mengi kiasi hicho lastahili kuulizwa linatoka wapi na linafanya kazi gani.

Mwezi wa Julai mji wa Songea huamka kwa baridi. Ukungu hulala juu ya milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kwenda baharini, na moshi wa majiko hupanda polepole katika mitaa ya Lizaboni, Mfaranyaki na Bombambili. Ni msimu wa mahindi. Magunia yametoka mashambani na malori yamekuja kuyafuata. Kijana mmoja wa Lizaboni, mwenye umri wa miaka 23, aliyemaliza kidato cha nne asipate nafasi ya kuendelea, hutoka nyumbani kabla ya jua. Kwanza husimama mlangoni kwa bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Natoka."

"Haya, baba. Mungu akutangulie."

Huenda kwanza kwenye maghala ya mahindi, ambako watu wa kupakia magunia huchaguliwa mapema. Akikosa huko hushuka hadi sokoni kutazama kama kuna gari la kushusha mizigo. Akikosa sokoni huenda stendi. Akikosa stendi hupita mahali panapojengwa nyumba na kuuliza kama fundi anahitaji mtu wa kuchota maji na kuchanganya udongo. Kisha hurudi kwenye maghala, kwa maana lori lisilokuwapo saa moja huenda likawapo saa nne. Ifikapo adhuhuri amepita njia moja mara tatu. Jirani aliyeketi barazani humwona akipanda, akishuka na akipanda tena. Humwambia mwenzake, "Yule naye kazi yake ni kuzurura tu." Bibi akiulizwa mjukuu wake yuko wapi hujibu, "Amekwenda kutafuta." Kijana mwenyewe akikutana na rafiki zake, nao wakamuuliza yuaenda wapi, hucheka na kusema, "Aa, natembeatembea."

Miguu ni ile ile, njia ni ile ile na siku ni moja, lakini vitenzi ni vitatu. Mmoja amesema kuzurura, mmoja kutafuta, mmoja kutembeatembea. Yumkini hakuna kati yao aliyekusudia kusema uwongo. Kila mmoja ametumia neno lililokuwa karibu na moyo wake.

Wenye kamusi huelekea kukubaliana kwamba kuzurura ni kwenda huku na huku pasipo shughuli maalumu. Maana hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huonekana kwa macho, nayo ni kwenda huku na huku. Sehemu ya pili haionekani, nayo ni kukosa shughuli. Mtu atazamaye miguu ya mwenzake huiona sehemu ya kwanza tu. Ya pili huiongeza yeye mwenyewe. Hapo ndipo kitenzi hiki kinapotengana na vitenzi vingine vya mwendo. Asemaye kuwa fulani anakimbia, au anachechemea, ametoa habari, na mtu mwingine anaweza kwenda kuihakikisha kwa macho. Asemaye kuwa fulani anazurura ametoa habari na hukumu kwa pumzi moja, na hukumu hiyo haihakikishwi kwa macho. Ili kuihakikisha ni lazima mtu amwendee mzururaji na kumuuliza, jambo ambalo watoa hukumu wengi hawana subira nalo.

Kila kitenzi kina maneno yapendayo kuandamana nacho. Kuzurura huandamana na ovyo, mitaani, mjini, usiku, kutwa. Ni nadra kusikia mtu akisema kuzurura shambani. Mkulima wa Mbinga au wa Namtumbo akimwona mwenzake amejilaza kivulini wakati wa palizi, atasema anazembea, au anatega, yaani anakwepa kazi kwa hila, hatasema anazurura. Kuzurura kwataka barabara, pembe za maduka na macho ya watu wasiomjua mpitaji. Ni kitenzi cha mjini. Tena si cha wanadamu peke yao. Mbwa asiye na mwenyewe huzurura, na mbuzi aachwaye bila ya kamba huzurura, hata sheria ndogo za miji mingi zikaweka faini kwa mifugo inayozurura. Hivyo kitenzi kimoja humfunga kijana na mbuzi katika zizi moja. Na mwanamke akisemwa kuwa anazurura, wasikilizaji husikia tuhuma nyingine ambayo haikutamkwa. Mwanamume hupoteza sifa ya bidii. Mwanamke hupotezewa na heshima yake juu ya hiyo.

Karibu kabisa na neno hili katika kamusi limeketi neno zuru, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Kuzuru ni kwenda kutembelea mahali au mtu kwa heshima. Kiongozi huzuru mkoa. Mgeni huzuru mnara. Aliyefiwa huzuru kaburi. Ikiwa zuru na zurura ni ndugu wa tumbo moja, au ni majirani waliofanana sura tu, sikio la msemaji wa Kiswahili haliwezi kuyasikia bila ya kuyalinganisha. Lililoongezeka ni silabi moja. Lakini kwa silabi hiyo moja heshima yote imetoka, kana kwamba mtu alikuwa amevaa kanzu na kofia, akabaki na shati lililochanika.

Songea ina mahali ambapo maneno hayo mawili hukutana kila mwaka. Mtaani Mahenge pana Makumbusho ya Maji Maji, karibu na makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, katika vita vilivyoanza 1905 na kuzimwa 1907. Kila Februari watu hukusanyika pale kwa kumbukumbu. Wageni hushuka katika magari, husoma majina, huinamisha vichwa, kisha huondoka. Hao wamezuru. Kijana wa Lizaboni hupita mbele ya lango lile lile akitoka kutafuta kibarua na akienda kutafuta kingine. Yumkini ni kitukuu wa mmoja wa waliolala ndani. Yeye hasemwi kuwa amezuru, amezurura. Tofauti haikuwa katika miguu wala katika mahali. Ilikuwa katika kujulikana. Mwenye kuzuru ana barua, gari, ratiba na mwenyeji amngojaye. Mwenye kuzurura hana amngojaye.

Jambo lingine la kutazamwa ni jinsi kitenzi hiki kibadilikavyo kwa nafsi. Katika nafsi ya kwanza ni mzaha au unyenyekevu. Mtu asemapo "nazurura tu" huwa hataki kueleza shughuli yake, au anaificha haja yake isionekane, au kweli amepumzika na hana haya. Hakuna aumiaye. Katika nafsi ya pili ni karipio. Mama amwambiaye mwanawe, "Wewe unazurura tu, hata maji hukuchota," anakemea, lakini yuko mbele yake, na mtoto anaweza kujibu, kujitetea au kuomba radhi. Katika nafsi ya tatu ni mashtaka. "Anazurura" husemwa juu ya mtu asiyekuwapo, au aliye mbali asisikie, wala hana njia ya kujibu. Na katika wingi wa nafsi ya tatu, "wanazurura," hata uso wa mtu hupotea. Libakialo ni kundi, na kundi halina bibi amwombeaye Mungu amtangulie. Kadiri kitenzi kinavyokwenda mbali na msemaji ndivyo kinavyozidi ukali.

Mtu angeweza kudhani kwamba Kiswahili hakina neno jema kwa mtu asiyefanya kazi. Sivyo. Wazee wa pwani walioketi mbele ya nyumba jioni, wakizungumza habari za dunia na za akhera, walikuwa wakibarizi, na neno hilo lina adabu ndani yake. Mwenye chakula cha kutosha atokaye jioni kutazama watu anapunga upepo, au ananyoosha miguu. Mwenye fedha za kwenda mbali anatalii. Kitenzi vinjari, ambacho zamani kilihusu zaidi chombo kizungukacho baharini kikilinda au kikitafuta, siku hizi kimepewa kazi mpya: mtu akishinda na simu mkononi, akitoka ukurasa huu akiingia ule pasipo kujua atafutacho, husemwa kuwa anavinjari mtandaoni. Huenda huku na huku, shughuli maalumu hana, lakini hakuna amwitaye mzururaji, kwa kuwa miguu yake haikuchafuka. Kwa upande wa pili, vijana wakaao juu ya mawe penye njia panda, wakingoja mtu aje na kibarua, wamepewa neno kijiwe, na kukaa kijiweni kumekuwa mwenzake kuzurura. Kubarizi na kukaa kijiweni ni kuketi na kuzungumza. Kinachotenganisha maneno hayo ni umri wa walioketi, na kama kiti chao ni cha kwao au ni jiwe la njiani.

Methali, ambazo ni baraza la wazee katika lugha, hazikusema kwa sauti moja juu ya jambo hili. Iko isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake. Mtu azungukaye bila ya faida hujichosha bure, akajila mwenyewe. Jirani wa barazani angeipenda. Lakini iko nyingine isemayo kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hiyo haikudai kuwa mtembeaji amefanikiwa. Yakubali kuwa anatembea bure. Yasema tu kwamba hata huyo amemzidi aliyeketi, kwa sababu aliye njiani huweza kukutana na jambo, na aliyeketi hukutana na kivuli chake tu. Kijana wa Lizaboni hajawahi kuisoma methali hiyo kitabuni, lakini huiishi. Yeye ajua kwamba lori halitakwenda kumtafuta nyumbani.

Mwaka mmoja kijana huyo alikwenda katika mji mwingine, mkubwa kuliko Songea, kujaribu bahati. Usiku wa nne, akitoka mahali alipoambiwa kuwa patakuwa na mizigo ya kushusha alfajiri, alisimamishwa na askari wawili.

"Unakwenda wapi?"

"Natafuta kazi, afande."

"Kazi gani?"

"Yoyote."

"Wapi?"

"Popote."

Akalala ndani usiku ule pamoja na wengine, akaachwa asubuhi bila ya kushtakiwa. Alipomsimulia bibi yake hakulalamika kwa njaa wala kwa mbu. Alilosema ni kwamba majibu yake yote yalikuwa ya kweli, na kila jibu la kweli lilimzidishia hatia. Hapo aliugusa upungufu uliomo katika maana ya kitenzi chenyewe. Ikiwa kuzurura ni kwenda bila ya shughuli maalumu na mahali maalumu, basi mtafuta kazi ni mzururaji kwa maana ile, si kwa sababu hataki kazi, bali kwa sababu bado hajaipata. Aliye na kazi ana mahali maalumu. Asiye nayo mahali pake ni popote, na kazi yake ni yoyote. Neno lililofanywa kumkamata mvivu limefumwa kwa tundu ambazo humnasa mwenye bidii, kwa kuwa yeye ndiye atembeaye zaidi. Mvivu yuko nyumbani amelala, askari hamwoni.

Mtego huo haukubuniwa Songea wala Tanzania. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 juu ya watu wasio na makao iliwagawa maskini wa barabarani katika mafungu, fungu la wavivu wasio na utaratibu na fungu la walaghai na wazururaji, na maneno hayo yakasafiri katika meli pamoja na sheria nyingine hadi makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliyapokea. Mwaka 1944 serikali ya Waingereza iliongeza sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, na watu walikusanywa Dar es Salaam wakarudishwa makwao. Baada ya uhuru neno kazi lilipanda cheo, likawa karibu sawa na uraia; na kila neno jema lipandapo cheo hukiacha kivuli chake juu ya neno baya. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wakati wa kampeni yake watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa mjini Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kulima, na wengi wao walikuwa wachuuzi wadogo, waliokuwa wakitembea na bidhaa mikononi. Walihesabiwa kuwa hawana kazi kwa sababu kazi yao haikuwa na mlango.

Miaka ikapita, na mchuuzi yule yule akapata jina lingine. Aliitwa machinga, kwa kabila la kusini lililohusishwa na biashara hiyo, na mwezi wa Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000 kila kimoja. Mwendo wa miguu haukubadilika tangu 1983 hadi 2018. Kadi ndogo shingoni ndiyo iliyombadilisha mtembeaji, akaitwa mjasiriamali. Kisha tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zilizo nazo zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Miongoni mwa yaliyoelezwa ni kwamba sheria hizo huwaadhibu watu kwa hali yao, si kwa tendo lao. Mahakama ilifika kwa njia ya sheria pale pale ambapo kijana alifika kwa kulala ndani usiku mmoja.

Bibi yake alikuwa na kisa chake. Alipokuwa mtoto mdogo baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge. Kutoka Songea hadi mashamba ya Tanga ni safari izidiyo kilometa 1,000. Wanaume wengi wa Ungoni na Undendeuli waliifanya safari hiyo au nyingine kama hiyo, wakaitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuwaandikisha na kuwasafirisha, lililojulikana kwa jina la Silabu. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya watu hao waliohama kutafuta kazi, aliweka mbele haja ya fedha: kulikuwa na kodi ya kulipa na nguo za kununua, na nyumbani njia za kupata fedha zilikuwa chache. Bibi hakukisoma kitabu hicho. Alikumbuka tu kwamba mama yake alilima peke yake misimu miwili, na kwamba hakuna mtu kijijini aliyesema kuwa baba alikwenda kuzurura.

"Mbona alikwenda mbali kuliko mimi, bibi?" kijana aliuliza.

"Alikuwa na karatasi," bibi akajibu. "Alikwenda kwa karatasi. Wewe unakwenda kwa miguu yako tu."

Katika jibu hilo kuna historia ya wilaya nzima. Mwanaume wa Songea aliyekuwa shambani kwake, akilima mahindi na kunywa pombe yake baada ya mavuno, alihesabiwa na watawala kuwa mvivu mpaka alipoondoka kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine. Mjukuu wa binti yake huhesabiwa mvivu kwa sababu yuko njiani akiitafuta kazi ya mtu mwingine wala haioni. Wa kwanza alilaumiwa kwa kukaa. Wa pili hulaumiwa kwa kutembea. Ni vigumu kuamini kwamba kosa lilikuwa katika kukaa au katika kutembea.

Hata hivyo haifai kuvuka mpaka wa haki upande wa pili. Uvivu upo. Wazee waliosema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa hawakuota ndoto. Wako vijana wanaotoka asubuhi kwa jina la kutafuta na kurudi jioni kwa kazi ya kucheza bao na kumaliza fedha za mama zao, na mama hao, ambao wamekwisha kulima, kupika na kuuza maandazi kabla ya saa tatu, wana haki ya kuwa na kitenzi cha kuwakemea. Lugha isiyo na neno la kulaumu uvivu ingekuwa imewadhulumu wenye bidii. Kitenzi kuzurura hakistahili kufukuzwa katika kamusi. Kinastahili kurudishwa nyumbani kwake, katika nafsi ya kwanza na ya pili, ambako mtu hujicheka mwenyewe au humkemea amjuaye na kumpenda. Mama husema unazurura kwa sababu ajua mtoto alitakiwa kuwa wapi. Mtu asiyejua mpitaji alitakiwa kuwa wapi hana kipimo cha kumpimia.

Historia ya Songea yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walikwenda porini Litowa, wakafyeka, wakalima na kuishi kwa ushirika, na kijiji chao kikawa kielelezo cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kabla ya chama hicho kuvunjwa mwaka 1969. Yapo mengi ya kubishaniwa juu ya vijiji vile na mwisho wao. Lakini vijana wale walitokea katika rika lile lile ambalo miji huliogopa, na walipopata mahali ambapo mikono yao ilingojewa, hakuna aliyepata nafasi ya kuwatumia kitenzi hiki. Hawakugeuka tabia usiku mmoja. Walipata mahali maalumu.

Basi mwanafunzi wa lugha akutanaye na kuzurura katika gazeti, katika hotuba au barazani, na ajizoeze kuuliza maswali matatu. Nani asema? Nafsi ni ipi? Na huyo anayesemwa, angeulizwa, angejibu kwa kitenzi gani? Akiuliza hivyo atagundua kwamba mara nyingi kitenzi hicho kimemwelezea msemaji kuliko msemwa: kimeonyesha alipoketi, na umbali uliopo kati ya kiti chake na njia ya watu. Kazi ya mwenye kujifunza lugha si kujua maana za maneno tu, bali pia kujua gharama zake na nani azilipaye.

Jioni ya Julai jua la Songea hutua upesi na baridi hurudi. Kijana huingia uani akiwa na vumbi la mahindi katika nywele, siku alizopata, au bila ya vumbi, siku alizokosa. Bibi hutazama nywele zile kabla ya kusema lolote, wala hahitaji kuuliza zaidi. Humsogezea kigoda karibu na moto.

"Umeshindaje, baba?"

"Nimeshinda salama, bibi. Leo nimekosa."

"Pole. Kesho?"

"Kesho nitapita tena kwenye maghala. Wamesema kuna malori mawili."

"Haya. Kula kwanza, ulale mapema."

Ng'ambo ya njia jirani angali barazani kwake, naye ameshinda salama. Kiswahili kimempa kila mmoja wao kitenzi kimoja cha salamu, kushinda, kisichouliza mtu alikuwa wapi wala alileta nini, bali kama ameumaliza mchana akiwa mzima. Pengine ni hicho ambacho jirani angekitumia, kama angevuka njia.